Pua Tatu: Habari za Mtu, Mbu na Panya

Mtu ana milango mitano ya fahamu: macho ya kuonea, masikio ya kusikilia, pua ya kunusia, ulimi wa kuonjea, na ngozi ya kugusia. Katika hiyo mitano twayategemea macho kuliko yote, na pua tumeiweka nyuma kama mtumishi wa jikoni. Twaitumia kujua kama maziwa yamechacha, kama wali waungua, au kama samaki wa soko la Feri amelala siku mbili. Kazi hiyo ikiisha, twaisahau.

Walakini mtu akitaka kujua jinsi watu wa Dar es Salaam na vitongoji vyake walivyopigana na maradhi, ataona ya kuwa habari hiyo, kwa sehemu kubwa, ni habari ya pua. Tena si pua moja bali tatu: pua ya mtu, iliyodanganyika, pua ya mbu, isiyopotea njia gizani, na pua ya panya, iliyofundishwa kazi. Nataka kuzieleza moja moja, kwa maana ndani yake mna jambo linalomhusu kila mtu mwenye watoto, akae Kinondoni, akae Temeke, au akae shamba.

1. PUA YA MTU

Watu wa Ulaya walisumbuliwa na homa miaka mingi kama sisi. Waliona ya kuwa wakaao karibu na vinamasi huugua kuliko wakaao vilimani, na kila penye kinamasi pana harufu ya kuoza. Basi pua zao zikawaambia, “Harufu hii ndiyo mwuaji.” Waitaliano wakaiita hewa hiyo mala aria, maana yake hewa mbaya, na jina hilo likasafiri mpaka likafika kwetu: malaria. Kwa imani hiyo watu walijenga nyumba zao juu ya vilima, na usiku ulipoingia walifunga madirisha ili hewa ya usiku isiingie. Na kweli wengi wa waliofanya hivyo walipata nafuu. Maana pamoja na hewa waliwafungia nje mbu, nao hawakujua. Hivyo nafuu ile iliwazidisha kuamini kosa lao.

Ndivyo ilivyo mara nyingi katika mambo ya fahamu. Pua haikusema uongo mtupu. Ilikuwa kama shahidi aliyepajua mahali pa wizi, asimjue mwizi. Mahali alipopataja ni penyewe, lakini aliyemshtaki siye.

Huku kwetu pwani wazee walikuwa na neno mkunguru, yaani homa impatayo mgeni asiyeizoea nchi. Mtu wa bara akishuka pwani akaugua, walisema, “Ana mkunguru, bado hajaizoea nchi.” Neno hilo nalo lina kweli ndani yake. Mtu aliyekulia mahali penye malaria, akaugua mara nyingi utotoni asife, mwili wake hupata kinga kiasi; mgeni hana kinga hiyo, naye huanguka vibaya.

Mji wa Dar es Salaam wenyewe ulianzishwa katika nchi ya namna hiyo. Seyyid Majid wa Unguja alianza kuujenga katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Na mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo. Ni mji wa bahari, lakini pia ni mji wa mabonde. Upande mmoja liko bonde la Msimbazi, na upande wa kusini iko mito midogo iingiayo baharini kati ya mikoko. Masika yakija, maji hutuama kila mahali.

Je, wakati ule wote hapakuwa na mtu aliyejua kwamba si hewa? Walikuwako. Mwingereza Richard Burton, katika kitabu chake cha safari za nchi ya Wasomali kilichochapwa mwaka 1856, aliandika ya kuwa Wasomali waliamini kwamba kuumwa na mbu huleta homa kali. Lakini yeye aliyahesabu maneno hayo kuwa ushirikina tu. Alisema labda wamefikiri hivyo kwa sababu mbu na homa huzidi katika majira yale yale. Ona jinsi alivyokuwa karibu na kweli, akaipita!

Ushahidi wa pili ni wa kwetu hasa. Katika mwaka 1897 na 1898 alikuwako Dar es Salaam daktari mkuu wa Wajerumani, Robert Koch, akichungua homa. Yeye aliandika habari ya Washambaa wakaao milima ya Usambara. Watu wale wakishuka nchi tambarare na kurudi wagonjwa, homa yao waliiita mbu. Na mdudu yule waliyesema amewauma kule chini, naye waliitwa kwa jina lilo hilo, mbu. Jina moja kwa mdudu na kwa ugonjwa! Watu hawa hawakuwa na darubini wala chuo cha uganga. Waliyatazama maisha yao wenyewe: juu kwenye baridi mbu ni wachache na homa ni chache, chini mbu ni wengi na homa ni nyingi, mdudu aliuma kwanza, ndipo homa ikafuata. Elimu yao yote wakaiweka katika neno moja.

Katika miaka ile ile wenye darubini wakafika mahali pale pale kwa njia yao. Mwaka 1880 Mfaransa Alphonse Laveran, akiwa Aljeria, aliona kijidudu cha malaria katika damu ya askari mgonjwa. Tarehe 20 Agosti 1897 Ronald Ross, akiwa Uhindi, alikiona ndani ya tumbo la mbu. Mwaka 1898 Giovanni Battista Grassi na wenzake wa Italia wakaonyesha ya kuwa ni mbu wa aina ya anofelesi ndiye amwambukizaye mtu. Hapo shauri la hewa mbaya likavunjika. Jina tu ndilo lililobaki, na mpaka leo tukisema malaria twalitamka kosa la pua za kale.

2. PUA YA MBU

Sasa tuigeukie pua ya pili. Mbu dume hamwumi mtu. Chakula chake ni maji matamu ya maua na mimea. Ni jike aumaye, kwa kuwa ahitaji damu ili mayai yake yapate kukua. Lakini wengi wa mbu waenezao malaria hutafuta damu usiku, wakati ambapo sisi wenyewe hatuoni mkono wetu. Awezaje basi kufika kwenye kitanda cha mtoto?

Huja kwa harufu. Kichwani ana papasi mbili, na karibu na mdomo ana viungo vingine vidogo. Hivyo ndivyo pua yake. Kwanza huisikia hewa tuitoayo mapafuni, iitwayo kaboni dayoksaidi. Hewa hiyo sisi hatuisikii harufu hata kidogo, lakini kwake ni kama moshi wa jiko kwa mtu mwenye njaa. Huifuata akiruka kuukabili upepo. Akikaribia, huisikia harufu ya jasho na ngozi; na akiwa karibu kabisa, joto la mwili na unyevu wake humwonyesha mahali pa kutua. Hivyo mtu aliyelala kimya katika giza, akidhani amefichika, kumbe pumzi zake zamwita mbu usiku kucha.

Tena kila mbu ana namna yake. Mbu wa malaria aitwaye anofelesi gambie hupenda sana miguu. Mwaka 1996 wataalamu wawili wa Uholanzi, Bart Knols na Ruurd de Jong, waliandika ya kuwa mbu huyo huvutwa na jibini moja ya Ulaya yenye harufu kali, iitwayo Limburger. Sababu yake yachekesha, lakini ni kweli: vijidudu vinavyoitia jibini ile harufu ni jamaa ya vijidudu vikaavyo katikati ya vidole vya miguu yetu.

Jambo hilo likawafungulia wataalamu mlango. Huko Ifakara, katika bonde la Kilombero, kipo chuo cha utafiti kilichoanza mwaka 1957 kwa kazi ya Waswisi. Mwaka 2010 Fredros Okumu na wenzake wa chuo hicho walitangaza ya kuwa wametengeneza mchanganyiko wa harufu ulio mfano wa harufu ya mtu. Mchanganyiko huo ulipowekwa katika nyumba moja na mtu akalala katika nyumba nyingine, ulivuta mbu mara tatu hadi tano kuliko yule mtu. Lakini vyote viwili vilipowekwa katika nyumba moja, mtu hakushindwa tena. Maana yake, harufu yaweza kumdanganya mbu kwa mbali. Akifika karibu humtambua mtu kwa alama nyingine pia.

Wasomaji, hapa ndipo penye shabaha yangu. Sisi huhukumu usafi kwa pua zetu. Twaona dimbwi la maji meupe kando ya nyumba, halinuki, jua lalipiga, watoto wachezea. Nasi twasema halina neno. Kumbe mbu wa malaria hupenda sana kutaga katika maji ya namna hiyo: nyayo za ng'ombe, mashimo ya kufyatulia matofali, matuta ya mchicha, mifereji iliyoziba. Choo cha shimo kinukacho, ambacho twakiogopa, hukaliwa hasa na mbu wa aina nyingine, kuleksi, apendaye maji machafu. Huyo haleti malaria, bali huku pwani hueneza vijiminyoo vya matende na mabusha. Kwamba mbu huvichukua vijiminyoo hivyo, jambo hilo lilionekana kwanza mwaka 1877, na Patrick Manson, daktari aliyekuwa Uchina. Basi pua yetu yatuonya juu ya adui mmoja, na juu ya yule auaye watoto yanyamaza kimya.

Adui wa vyooni naye amekwisha kupigwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika Makunduchi ya Unguja, vipande vidogo vya plastiki nyepesi vieleavyo vilimwagwa juu ya maji ya vyoo vya shimo, vikafanya kama kifuniko. Viluwiluwi vya mbu hupanda juu ya maji kuvuta hewa, vikazuiwa, vikafa. Watu nao wakapewa dawa, na vijiminyoo vikapungua sana katika damu zao.

Na katika Dar es Salaam, ambako pua haikutosha, watu walitumia macho. Mwaka 2004 ulianzishwa mpango wa kupigana na malaria mjini, katika manispaa tatu za wakati ule: Ilala, Kinondoni na Temeke. Wenyeji wa mitaa yenyewe walipewa kazi ya kupita kila uwanja kila juma, wakitazama kila dimbwi, kila mfereji, kila pipa, na kuandika mahali palipoonekana viluwiluwi. Mwaka 2006 wakaanza kutia dawa katika kata tatu kwanza: Mikocheni ya Kinondoni, Buguruni ya Ilala, na Kurasini ya Temeke. Dawa hiyo ni kijidudu kiuacho viluwiluwi, wala haimdhuru mtu. Mahali palipotiwa dawa, maambukizo ya malaria yalipungua. Hapana uchawi katika kazi ile. Ilikuwa ni kutazama kwa bidii mahali ambapo pua haina la kusema.

Na chandalua chenye dawa ni werevu mwingine. Mbu huisikia harufu ya mtu aliyelala ndani, huja upesi, hugonga kitambaa, na dawa humshika. Pua yake iliyomwongoza kwa chakula yamwongoza kwenye mauti. Lakini chandalua kilichotoboka, au kilichofungwa juu ya kuku na bustani, hakimwokoi mtu. Tena Dar es Salaam wengi wa mbu hawa wameonekana wakiuma nje ya nyumba. Kwa hiyo wakaao barazani mpaka saa nne za usiku miguu wazi, na wajue ya kuwa chandalua hakiwalindi pale.

3. PUA YA PANYA

Robert Koch, niliyemtaja juu, jina lake lilikuwa kubwa kabla hajafika Dar es Salaam. Tarehe 24 Machi 1882, huko Berlin, alitangaza ya kuwa amekiona kwa darubini kijidudu kiletacho kifua kikuu. Kabla ya siku ile wengine walisema ni ugonjwa wa kurithi, wengine hewa mbaya tena. Tangu siku ile yawezekana kuyachukua makohozi ya mtu, kuyapaka rangi juu ya kioo, na kumtafuta adui kwa jicho.

Lakini jicho nalo lina mpaka. Vijidudu vikiwa vichache katika makohozi, mwenye darubini huweza kutazama asivione, hasa akiwa na vioo vingi vya kupima na siku yaelekea kuisha. Mgonjwa huambiwa hana kitu, hurudi chumbani kwake, alale na watoto wanne katika chumba kimoja chenye dirisha moja. Watu wa Temeke wajua vyumba vya namna hiyo. Na jirani, kwa kuwa hospitali imesema hana kitu, huanza kunong'ona ya kuwa amerogwa.

Mwaka 1997 Mbelgiji mmoja, Bart Weetjens, alianzisha shirika liitwalo APOPO, akiwa na shauri ambalo wengi walilicheka: kufundisha panya kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini wakati wa vita. Mwaka 2000 kazi hiyo ikahamia Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Panya aliyechaguliwa ni panya buku, ambaye wakulima wetu wamjua kwa wizi wa karanga na mahindi. Mnyama huyu hutembea usiku, macho yake ni dhaifu, na chakula hukificha ardhini ili akifuate baadaye. Mnyama wa maisha kama hayo asipokuwa na pua hodari hufa njaa. Pua hiyo ndiyo waliyoiajiri.

Hufundishwa tangu wangali wadogo, kwa upole. Mwalimu hushika kidude kitoacho mlio mdogo. Kila mnyama anaponusa harufu itakiwayo hulia mlio ule, naye hupewa ndizi au karanga. Mafunzo huchukua kadiri ya miezi tisa. Kwa kuwa ni mwepesi, akikanyaga juu ya bomu halilipuki. Panya hawa walisaidia kazi katika Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa imesafishwa mabomu yake ya ardhini yaliyojulikana. Mmoja aitwaye Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013, alipelekwa Kambodia mwaka 2016, akagundua mabomu na silaha nyingine zaidi ya 100. Mwaka 2020 chama kimoja cha Uingereza cha kuwatibu wanyama kilimpa nishani ya dhahabu. Alikufa Januari 2022.

Walakini kwa watu wa mji wetu kazi yao kubwa zaidi ni ya makohozi. Makohozi yaliyokwisha kupimwa kwa darubini katika zahanati na hospitali, pamoja na za Dar es Salaam, huchukuliwa kwenda kwa panya. Kwanza hutiwa motoni ili vijidudu vife, visimdhuru mtu wala mnyama. Kisha huwekwa chini ya matundu yaliyopangwa safu. Panya hupita akinusa tundu baada ya tundu. Akifika penye harufu ya ugonjwa husimama, akakwaruza. Panya mmoja huweza kumaliza vikombe 100 kwa muda wa dakika kama 20, kazi ambayo mtu wa darubini huifanya kwa siku kadhaa. Wala neno la panya peke yake halitoshi. Makohozi aliyoyaonyesha hupimwa tena na watu kwa njia iliyo hakika, ndipo mgonjwa huitwa. Kwa njia hii wamepatikana wagonjwa wengi walioambiwa kwanza hawana kitu.

Lakini panya hawezi kubisha hodi nyumbani mwa mtu. Kazi hiyo ni ya watu. Temeke kimekuwako chama kiitwacho MUKIKUTE, kilichoanzishwa na watu waliougua kifua kikuu wenyewe wakapona. Hao wamewaendea wagonjwa majumbani na kuwatia moyo wasiache dawa. Maana mtu aliyekwisha kupona akisema, “Mimi nami nilikohoa hivi,” jirani humsikia kuliko amsikiavyo mwalimu.

4. MASHAHIDI WATATU

Tukiziweka pua hizi tatu pamoja twaona jambo moja. Hakuna kiumbe aujuaye ulimwengu wote kwa milango yake ya fahamu. Mtu aona rangi za machweo ambazo panya hazioni. Panya anusa ugonjwa ambao mtu hausikii. Mbu aisikia pumzi ambayo kwetu ni kama si kitu. Kila mmoja amepewa kadiri ya maisha yake. Tofauti ya mtu ni hii: yeye aweza kuukubali ushahidi wa mwingine. Aweza kumwuliza Mshambaa, aweza kumchungua mbu, aweza kumfundisha panya, kisha akayalinganisha maneno yao. Alipokataa kufanya hivyo, kama Burton alivyokataa neno la Wasomali, kweli ilimpita ikaenda zake, na watu wakaendelea kufa zaidi ya miaka 40 kabla haijarudi.

Basi tusiseme nyumba yangu ni safi, hainuki, kwa hiyo malaria haiwezi kuingia. Mwili wa mtoto ukichemka, apelekwe akapimwe damu siku ile ile, asingojewe mpaka adegedege. Na kikohozi kikipita majuma mawili, makohozi yapimwe. Na mgonjwa akiambiwa hana kitu, lakini azidi kukonda na kutoka jasho usiku, arudi tena bila haya, kwa maana jicho moja laweza kukosa. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika hospitali za serikali, nazo kwa kawaida huliwa miezi sita pasipo kuruka.

Na jambo la mwisho ni kwa walimu wenzangu na kwa vijana wajuao kuandika. Washambaa waliiweka elimu ya malaria katika neno moja, na lingepotea kama asingalitokea mtu wa kuliandika. Katika lugha zetu, Kizaramo, Kindengereko, Kiluguru na nyinginezo, yako majina ya maradhi, ya wadudu, ya majani na ya majira, ambayo wazee huyatumia nasi hatuulizi maana yake. Mwende mkawaulize, mkayaandike pamoja na sababu wanazozitoa, hata zile zinazowachekesha.